Supavaiza anasimama nyuma yangu na foleni haiishi, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Dada. Mi ni keshia kwenye supamaketi moja kubwa, nina mwaka mmoja na miezi minne kazini. Shida yangu ni supavaiza. Mwisho wa mwezi foleni inafika mpaka kwenye rafu za sabuni huko nyuma na kaunta ziko nane ila zinazofanya kazi ni tatu, basi yeye anakuja anasimama nyuma yangu anapiga makofi, haraka haraka watu wanasubiri, nikiharakisha nakosea, nikikosea lazima nimwite yeye mwenyewe aje na funguo yake afute ile bidhaa, na akija anafoka kwanini nimekosea. Wiki iliyopita kasema kwa sauti mbele ya wateja "huyu sijui nani alimwajiri" na kuna mteja akacheka. Jioni yake hesabu ikapungua, akaniambia nitakatwa kwenye mshahara. Nilifika nyumbani nikalia. Dada nimjibu siku moja yaishe au niache kazi? Nina mtoto na kodi ya nyumba. Ni mimi wa kaunta namba tano.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kwasababu mi mwenyewe nimekaa kaunta miaka sita kabla sijaanza kuandika, ile kupigiwa makofi mgongoni naijua.

Nianze na foleni maana hapo ndo unapojilaumu bure. Kuna injinia wa simu wa Denmark aliitwa Agner Krarup Erlang, mwaka 1909 alichapisha hesabu za simu zinazoingia kwa kubahatisha kwenye mitambo, na hesabu za foleni zinazotumika mpaka leo zimetokana na kazi yake. Sasa twende nazo kwenye kaunta yako. Tuseme mteja mmoja anakuchukua wastani wa dakika 3, yaani uwezo wako ni wateja 20 kwa saa. Wakija 15 kwa saa, kila mmoja anasubiri wastani wa dakika 9 kabla hujamfikia. Wakija 18, kusubiri kunafika dakika 27. Wakija 19, dakika 57! Wameongezeka wanne tu na wewe hujapunguza kasi hata kidogo, ila kwavile watu hawaji kwa mpangilio, mara wanne kwa mpigo mara hakuna mtu, ukishakaribia ukomo wa uwezo wako foleni inapanda ghafla. Alafu wachukue hao hao 18 uwagawe kwenye kaunta mbili, 9 huku 9 kule, kusubiri kunashuka mpaka dakika 2 na nusu hivi. Umeona dawa ya ile foleni iko wapi? Iko kwenye zile kaunta tano zilizofungwa, na anayeamua zifunguliwe sio wewe.

Sisemi kasi yako haina maana, inasaidia, ila kasi ya woga inakula muda kuliko inavyookoa. Bidhaa moja ukiiskani mara mbili, ukamsubiri yeye na funguo yake, dakika mbili zimeenda, na hapo umepoteza karibu mteja mzima. Nakumbuka siku moja karatasi ya risiti iliniishia katikati ya foleni, ule mstari mwekundu wa pembeni unaoonyesha roli inakaribia kuisha ulishaanza kutoka nikaupuuza kwasababu supavaiza alikuwa anapumua shingoni kwangu, mikono inatetemeka, nikachomeka roli mpya nikaigeuza. Ile karatasi ina dawa upande mmoja tu, kwahiyo risiti zikatoka nyeupe tupu, tatu mfululizo, na mteja anazigeuza geuza anatafuta maandishi. Mama mmoja wa kaunta ya jirani, mtu mzima, aliinuka akaja akanifungulia mashine akaigeuza roli akaniambia "ukiuona ule mstari badilisha hapo hapo kabla ya mteja anayefuata, na huyo nyuma yako mwache aongee". Toka siku hiyo roli ya akiba nilikuwa naiweka pembeni ya mkono wangu wa kulia kabla sijafungua kaunta, mifuko nimeshaipanua, chenji nimeitenga. Ni vitu vidogo ila ni vyako, hakuna anayekuamulia. Mtafiti wa Marekani anaitwa Robert Karasek alieleza mwaka 1979 kwamba kazi inayomchosha mtu vibaya ni ile yenye madai makubwa huku mwenyewe hana uamuzi, na kazi ya keshia iko hapo hapo kabisa, kwahiyo kila kauamuzi kadogo unakoweza kukashika kashike.

Kwenye pesa ndo usikimbizwe hata na nani. Skani kwa haraka unavyoweza, ila ikifika noti, tulia. Noti ya mteja iache juu ya droo mpaka umemrudishia chenji na ameihesabu, usiichanganye na zingine, taja kwa sauti umepokea ngapi na unarudisha ngapi. Ubishi mwingi wa "nilikupa kubwa" unaishia hapo.

Sasa yeye akiwa amesimama nyuma unajibu nini? Usijibu ugomvi mbele ya wateja, sio kwasababu ana haki ya kufoka, ni kwasababu ukipandisha sauti kesho habari itakuwa ni wewe uliyemjibu bosi na yale makofi yake yatasahaulika. Sema sentensi moja tu kwa sauti ya kawaida, "sawa bosi, namalizia huyu", macho yako yabaki kwa mteja. Kila akirudi, sentensi ile ile. Inakupa pa kushikilia na yeye inamkosesha pa kupandia.

Mazungumzo yenyewe yapeleke siku nyingine, asubuhi kabla milango haijafunguliwa au siku ambayo hakuna watu. Mwombe dakika tano pembeni. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Bosi, mi nataka foleni iende kama wewe unavyotaka. Ukisimama nyuma yangu nakosea zaidi, na kila nikikosea inabidi tukusubiri. Naomba mambo mawili, foleni ikizidi watu sita tuongezewe kaunta moja, na kwenye saa za watu wengi funguo ya kufuta iwe karibu." Kama umeandika kwenye kidaftari kwa wiki mbili, siku fulani saa 11 jioni kaunta zilikuwa tatu, foleni watu 14, bidhaa nne zilisubiri funguo, mwonyeshe. Huyo naye ana mtu juu yake anayemuuliza kwanini wateja wanalalamika, wa kwangu kila Jumatatu alikuwa anatoka ofisini kwa meneja macho mekundu, nilikuja kulijua hilo baadae sana. Halikunifanya nione kufoka kwake ni sawa. Lilinifanya nijue nimpelekee kitu gani, yaani kitu ambacho na yeye angeweza kukibeba mpaka kwa meneja.

Ila lile neno, "huyu sijui nani alimwajiri", hilo liondoe kabisa kwenye mambo ya foleni. Kukuambia ongeza kasi ni kazi yake, hata akisema kwa ukali. Kukudhalilisha mbele ya watu sio kazi ya mtu yeyote. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina mkataba namba 190 wa mwaka 2019 unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, ulianza kutumika Juni 2021, na unasema wazi kwamba unyanyasaji ni pamoja na mwenendo unaoleta au unaoweza kuleta madhara ya kisaikolojia, iwe umetokea mara moja au umejirudia. Mkataba unazibana nchi zilizouridhia, kwahiyo uliza kwenu ukoje, ila hata kama haujaridhiwa, kampuni nyingi zina kanuni zao za nidhamu na hizo zinamhusu na supavaiza. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe kama alivyoyatamka na nani alikuwepo. Andika siku hiyo hiyo, nyumbani, kwenye daftari lako, sio kwenye kompyuta ya ofisi. Ikitokea tena peleka kwa meneja au ofisi ya utumishi kwa maandishi, baki na nakala. Kama kuna chama cha wafanyakazi mwone mwakilishi kabla hujapeleka, hao wanajua njia, na usipopata jibu ofisi ya kazi ya serikali ipo kwa ajili ya mambo haya haya.

Na kukatwa mshahara, hapo naomba unisikilize vizuri. Mkataba wa ILO namba 95 wa mwaka 1949 unasema makato kwenye mshahara yafanyike tu kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria ya nchi au makubaliano ya pamoja ya wafanyakazi na mwajiri. Maana yake supavaiza kusema tu "utakatwa" haitoshi. Muulize kwa upole, makato haya yako kwenye kifungu gani cha mkataba wangu wa ajira, na naomba niandikiwe. Usisaini karatasi usiyokubaliana nayo, wakikulazimisha andika "nimepokea, sikubaliani" alafu ndo uweke sahihi. Kuanzia kesho hesabu pesa ya kuanzia mbele ya mtu na msaini wote wawili, droo iwe yako peke yako shifti nzima, namba yako ya siri usimpe mtu hata rafiki anayekushikia kaunta ukienda chooni, na jioni usikubali droo ihesabiwe wewe haupo. Shoti nyingi, yaani hesabu kupungua, nilizoziona miaka ile zilitokea kwenye droo iliyoguswa na watu watatu, na aliyelipa ni mmoja.

Kuhusu kuacha kazi, usiache kwa hasira ya jioni moja, una mtoto. Jipe miezi mitatu ya kufanya haya niliyoyasema, huku unatafuta sehemu nyingine taratibu bila kutangaza. Lakini kama umeanza kukosa usingizi siku kabla ya shifti, au tumbo linakukata ukiliona geti la kazini, usisubiri hiyo miezi, mwone daktari na umwambie ni kazi. Na akikugusa au akikutishia mwili wako, ripoti siku hiyo hiyo, hapo hakuna cha kuvumilia.

SWALI: Dada mi ndo huyo supavaiza, sio wa huyo dada lakini nafanya kazi hiyo hiyo. Naambiwa nipunguze foleni na wafanyakazi sijaongezewa. Nisipofoka hakuna kinachoenda, nifanye nini? Msimamizi, kaunta kumi.

JIBU: Asante kwa kuandika, inahitaji moyo. Badala ya kusimama nyuma yao simama mbele, kwenye foleni. Pita unawauliza wateja nani analipa kwa kadi, nani ana bidhaa isiyo na barkodi, itafutiwe bei kabla hajafika kaunta, na yule mwenye kitoroli kimejaa mpelekee mtu wa kufungasha. Keshia wako akikuona unafungasha mifuko siku ya watu wengi hutahitaji kumpigia makofi. Kama nafasi inaruhusu jaribu foleni moja inayogawanyika kwenye kaunta zote, maana kwenye foleni tofauti mteja mmoja mwenye tatizo anawakwamisha wote waliopanga nyuma yake, kwenye foleni moja wanaendelea kusogea. Kosa la keshia lizungumzie baadae ofisini, mkiwa wawili. Alafu wape viti. Mkataba wa ILO namba 120 wa mwaka 1964 wa usafi na afya kwenye biashara na ofisi, kifungu cha 14, unataka wafanyakazi wawekewe viti vinavyofaa na wapewe nafasi ya kuvikalia, na keshia aliyesimama kwa muda wa saa nane miguu ikiwaka moto huwezi kumdai tabasamu saa ya tisa. Kuhusu wafanyakazi wasioongezwa, zile hesabu za dakika 27 na dakika 2 na nusu nilizompa mwenzako hapo juu, ziandike kwa namba za duka lako na umpelekee meneja wako.

SWALI: Supavaiza ananitumia meseji saa tano usiku "kesho njoo mapema" na nisipojibu asubuhi ananuna. Ni lazima nijibu?

JIBU: Angalia ratiba yako ya shifti inasema uripoti saa ngapi, hiyo ndo inayokubana. Ongea nae mchana, mwambie simu unazima saa tatu usiku, mabadiliko ya shifti naomba yanifikie kabla ya hapo na kwa maandishi, na hilo lisaa la ziada liingizwe kwenye ovataimu. Meseji zake usizifute, zihifadhi zote, siku ya kudai ovataimu hizo ndo zitaonyesha kwamba aliyekuita mapema ni yeye.