Gemu za kumaliza asilimia 100 bila kuchoka: ninachoangalia kabla ya kuanza

Mkuu mleta mada, umesema umenunua PS4 iliyotumika, unakaa Nzuguni hapa Dodoma, kazini unatoka jioni, na unataka gemu tatu nne za kumaliza zote mpaka asilimia 100, siyo kumaliza stori halafu unauza CD. Umeuliza zipi zinaridhisha na zipi zinachosha. Hii ndiyo starehe yangu kubwa tangu enzi za vibanda vya PS2 pale Majengo, kwa hiyo naomba uniruhusu niandike kirefu.

Mimi naangalia mambo mawili. La kwanza, kazi ya ziada inakulipa lini? Gemu nzuri hukulipa ukiwa bado una safari mbele, ukakitumia ulichopata. Gemu mbaya hukungojesha mpaka kila kitu kimekwisha, ndipo ikupe zawadi ambayo huna pa kuitumia. La pili, je, gemu yenyewe inakuonyesha kilichobaki kiko wapi? Ukilazimika kufungua video mtandaoni kila baada ya dakika kumi, bando linakwisha na utamu wa kutafuta unakwisha pia.

Mfano ambao kila mtu wa rika langu atauelewa ni GTA San Andreas ya 2004. Vibandani tuliicheza kwa kodi za siri (cheats), tunaita kifaru, tunaita ndege, tunakimbizana na polisi hadi muda unakwisha. Aliyekuwa na memori kadi yake ndiye aliyeona gemu ile ilivyotengenezwa. Ingia kwenye gari la wagonjwa, bonyeza R3, peleka majeruhi hospitali mpaka levo ya 12: uhai wako wa juu unaongezeka moja kwa moja. Fanya hivyo kwa gari la zimamoto, levo 12, na moto haukuunguzi tena. Za polisi nazo, levo 12, zinapandisha kinga ya mwili hadi 150. Chora juu ya michoro yote 100 ya magenge Los Santos, na silaha zinaanza kukungoja nyumbani kwa akina Johnson, familia ya mhusika unayemchezesha. Kila kimoja kinabadilisha namna utakavyocheza misheni zinazofuata. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayeirudia, kwenye simu au kwenye mashine ya zamani: misheni za gari la wagonjwa zifanye mapema, na zifanyie Angel Pine, kale kamji kadogo chini ya mlima Chiliad, maana umbali ni mfupi na magari ni machache. Ukifika asilimia 100, ndege ya kivita ya Hydra na kifaru cha Rhino vinakaa pale nyumbani daima. Hiyo ni heshima ya mwisho tu. Malipo ya kweli ulishayala njiani.

Linganisha na GTA V. Asilimia 100 ya stori ni nzuri, inafungua misheni ya kumsaka Bigfoot, na chombo cha anga cha ajabu kinaonekana juu ya Chiliad usiku wa manane mvua ikinyesha. Lakini kuna trofi, zile tuzo ambazo PlayStation inakupa ukitimiza jambo fulani, na Platinamu yake, ile trofi inayotoka ukishapata trofi nyingine zote, inadai ufike daraja la 100 kwenye GTA Online. Hapo unahitaji intaneti ya kudumu, usajili wa kulipia, na jioni nyingi sana za kurudia kazi zilezile. Red Dead Redemption 2 ina ugonjwa huohuo, nayo inataka daraja la 50 mtandaoni. Stori yake ni ya hali ya juu kabisa, icheze kwa moyo wote, ila Platinamu iache. Na ujue hatari nyingine ya trofi za mtandaoni: siku kampuni ikizima seva, trofi hiyo haipatikani tena duniani. Kabla ya kununua CD yoyote kwa lengo la kumaliza yote, soma kwanza orodha ya trofi. Ukiona neno “online”, fikiri mara mbili.

Kuna gemu mbili zinazoonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Assassin's Creed ya kwanza, 2007, ilitawanya bendera 420 kwenye miji na njia zake, bila kukuonyesha ziko wapi kwenye ramani, na ukizimaliza hupati chochote ndani ya gemu. Miaka miwili baadaye, Assassin's Creed II ikaja na manyoya 100. Mdogo wake Ezio, shujaa wa gemu, aitwaye Petruccio, alikuwa akikusanya manyoya. Mtoto ananyongwa pamoja na baba na kaka yao, mama yao Maria ananyamaza, hasemi tena na mtu. Kila unyoya unaouokota juu ya paa unaupeleka kwenye sanduku kule Monteriggioni, na ukitimiza yote, mama anafungua kinywa. Hapa kanuni yangu ya malipo ya njiani inalegea, na nakubali ilegee, kwa sababu unyoya wenyewe ni sehemu ya msiba wa ile familia. Ipo kwenye PS4 ndani ya The Ezio Collection.

Kwa PS4 yako, anza na Marvel's Spider-Man ya 2018. Sijaona gemu inayomfundisha mtu starehe hii kwa upole kama ile. Unafungua minara, ramani inakuonyesha kila kitu, kila mtaa wa Manhattan una asilimia yake, na mikoba 55 aliyoiacha Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, ina kumbukumbu za maisha yake, moja moja. Kila unachofanya kinakupa tokeni za kununulia mavazi na vifaa vinavyobadilisha mapigano papo hapo. Platinamu ya gemu ya msingi haikulazimishi ugumu wa juu wala kucheza mara mbili. Halafu kuna kitu ambacho orodha haiwezi kukieleza: kutoka sehemu moja kwenda nyingine kwa kubembea kwenyewe ni raha. Hilo ni la msingi sana, maana kumaliza yote ni safari nyingi, na safari zikiwa mbaya hakuna zawadi itakayoziokoa.

Ghost of Tsushima, 2020, imelitatua suala la kutafuta kwa namna nzuri kuliko zote nilizocheza. Hakuna mshale juu ya skrini. Unapitisha kidole kwenye sehemu ya kugusa ya pedi, upepo unavuma kuelekea unakotaka kwenda, nyasi zinalala upande huo, nawe unaufuata. Ukivaa vazi la msafiri, upepo unaweza kukuelekeza hata kwenye vitu vilivyofichika, na pedi inatetemeka ukivikaribia. Mbweha anakuongoza hadi kwenye hekalu dogo na hapo unapata nafasi ya hirizi zaidi. Kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto kunakuongezea uhai. Kukata mianzi kunakuongezea nguvu ya kujiponya na kufanya mapigo makubwa. Kwa hiyo mtu aliyezunguka kisiwa chote anaingia vita vya mwisho akiwa mtu mwingine kabisa. Mashimo ya mbweha ni 49, na ukifika ya 30 pengine utaona yanajirudia. Mimi sikuchoka, kwa sababu njia ya kufika kila moja ni tofauti, na kisiwa kile ni kizuri kukitazama.

God of War ya 2018 nayo naipendekeza, ingawa uwe tayari kwa Valkyrie, mabosi wa ziada wasio wa stori. Kunguru 51 wa Odin wanahesabiwa kwa kila eneo, hivyo hupotei, lakini malkia wa Valkyrie, Sigrun, ni pambano gumu kuliko stori nzima. Unaruhusiwa kushusha ugumu, isipokuwa kama ulianza na ule wa juu kabisa.

Sasa nifike kwenye gemu ninayoipenda kuliko zote, Hollow Knight ya 2017, kazi ya Team Cherry, kikundi kidogo cha Adelaide, Australia. Hata laptop ya kawaida ya ofisini inaiendesha. Ndani yake asilimia zinaenda hadi 112, kwa sababu maudhui yaliyoongezwa bure baadaye yalihesabiwa juu ya ile 100. Ukifika eneo jipya huna ramani. Unamtafuta Cornifer, mchora ramani, unasikia akiimba kwa mbali, unaona karatasi zake zimetawanyika chini. Anakuuzia ramani isiyokamilika, na iliyobaki unaijaza mwenyewe unapoketi kwenye benchi, mradi umenunua kalamu. Kuna viwavi 46 waliofungwa kwenye chupa. Kila unayemwokoa anarudi nyumbani kwa baba yao, naye anakulipa, na malipo yanaongezeka. Ukimshinda bosi anayeitwa The Collector unapata ramani inayoonyesha waliobaki wote. Ona mpangilio huo: unatafuta kwa macho na masikio kwanza, kisha gemu inakusaidia pale ambapo kutafuta kungegeuka adhabu.

Lakini usichanganye asilimia 112 na trofi zote. Hivyo ni vitu viwili. Trofi zinataka umalize gemu ndani ya saa tano, ufikishe asilimia 100 katika hali ambayo ukifa mara moja kila kitu kinafutika, na umalize Pantheon ya mwisho yenye mabosi kwa makumi mfululizo. Asilimia 112 haidai hayo. Kwa maoni yangu 112 ndiyo kumaliza kwa kweli kwa gemu ile, kwa sababu inakupitisha kila kona ya Hallownest, ufalme wa gemu ile. Trofi zilizobaki ni za mtu anayetaka kupima mikono yake, naye nampa heshima zote.

Sisi watu wa Dodoma tuna deni na Stardew Valley. Eric Barone aliitengeneza peke yake, ikatoka 2016. Unalima, unafuga, unavua, na ndiyo, unapanda zabibu na kusindika mvinyo. Kwetu zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka. Kule mche ni wa majira ya majani kupukutika, unakua siku kumi, kisha unachuma kila baada ya siku tatu, na huwezi kupita katikati ya mizabibu, kwa hiyo panga mistari yako kama mkulima wa Hombolo anavyopanga, uache njia. Ukipika mvinyo kwenye pipa thamani ni mara tatu ya tunda, na ukiulaza kwenye chumba cha chini ya nyumba kwa siku 56 unapata mara mbili ya hapo. Mjomba wangu ana shamba la zabibu na hajawahi kushika pedi, lakini nilipomwonyesha hesabu hiyo alikaa kuangalia mpaka saa ya kula, akiniuliza mapipa yananunuliwa wapi.

Toleo la 1.5 la mwishoni mwa 2020 lilileta kipimo cha ukamilifu kwenye kisiwa cha Ginger. Kinakuorodheshea kila kitu: mazao uliyosafirisha, samaki, mapishi, urafiki na wanakijiji, saa ya dhahabu ya milioni kumi. Hupapasi chochote gizani. Na kazi hizo zinalishana: samaki ndiye kitoweo cha pishi, pishi ni zawadi ya jirani, jirani anakutumia mapishi mapya kwa barua. Trofi zake, hata hivyo, zina ile ya kumaliza Journey of the Prairie King, kigemu kidogo kilicho ndani yake, bila kufa, ngumu isivyo kawaida, na ukamilifu hauihitaji. Fuata kipimo cha ndani ya gemu.

Kuhusu umeme, kwa kuwa tunaishi tunapoishi: Stardew kwenye PS4 inasevu unapolala tu, na siku moja ya gemu ni kama dakika 14, kwa hiyo umeme ukikatika unapoteza siku hiyo, basi. Usiiache PS4 kwenye usingizi (rest mode), izime kabisa. Bando nalo lisikutishe. Trofi zinarekodiwa hata bila intaneti na utazipandisha siku ukipata Wi-Fi. Wadau wasio na mashine, Vampire Survivors ipo bure kwenye simu, ina orodha yake ya kufungua, na karibu kila ulichofungua kinabadilisha mzunguko unaofuata.

Zelda: Breath of the Wild najua mtu ataitaja. Ni gemu bora, lakini mbegu za Korok za kutafuta ni 900, na 441 zinatosha kupanua mifuko yako yote hadi mwisho. Ukitimiza 900 unapewa zawadi yenye umbo la kinyesi cha dhahabu. Chukua 441, endelea na maisha.

Kwa hiyo mkuu, Spider-Man kwanza, umalize mitaa yote kabla ya misheni ya mwisho ili vifaa vyote viwe mkononi. Kisha Tsushima, usianze sehemu ya pili ya kisiwa kabla hujaoga maji ya moto yote ya kusini. Stardew weka iwe ya jioni za katikati ya wiki, siku mbili tatu za gemu kabla ya kulala. Hollow Knight ngojea upate likizo, na ukikwama kwa mabosi wanaoitwa Mantis Lords, rudi kwenye uzi huu uniulize, nitakuelekeza bila kukuharibia.