Maswali ya Wasomaji: Pisa au Trieste?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina shahada ya uzamili ya hisabati na natafuta nafasi ya uzamivu Ulaya. Mhadhiri wangu alinitajia Scuola Normale Superiore ya Pisa, Italia, lakini wenzangu wanadai kuwa hicho ni chuo cha ualimu tu. Ukweli ni upi, na mtu wa huku kwetu anaweza kuingia? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Wenzako hawakukosea sana, ila wamechelewa karne mbili. Napoleon alipotoa amri ya kuianzisha mwaka 1810, alikusudia iwe tawi la shule ya ualimu ya Paris. Leo ni taasisi ya umma yenye hadhi ya chuo kikuu, na huchukua wanafunzi wachache kwa mtihani wa ushindani. Wale wa shahada ya kwanza husajiliwa pia Chuo Kikuu cha Pisa na kufanya mitihani yao huko, kisha hurudi Normale kwa masomo ya ziada. Chakula na malazi hawalipii, lakini wanatakiwa kudumisha wastani wa alama 27 kati ya 30 bila kushuka chini ya 24 katika somo lolote, na anayeshindwa hupoteza nafasi yake.

Mtihani huo wa kuingia una historia yake. Mwaka 1918 Enrico Fermi, aliyekuja kuwa mwanafizikia mashuhuri, akiwa na miaka 17, aliulizwa kuhusu sifa za sauti, naye akaandika mlinganyo wa fimbo inayotetema na kuutatua kwa mfululizo wa Fourier (njia ya kueleza mtetemo kama jumla ya mawimbi sahili), jambo lililomstaajabisha mtahini.

Wewe, kwa kuwa unatafuta uzamivu, utashindania nafasi za ngazi hiyo moja kwa moja, na Pisa haikufungii mlango. Hata hivyo, ningekushauri uitazame kwanza Trieste, mji mwingine wa Italia. Huko kuna SISSA, shule ya kimataifa ya masomo ya juu, iliyoanzishwa mwaka 1978 mahsusi kwa uzamivu, ambako hisabati na fizikia hufundishwa kwa Kiingereza na wanafunzi hulipwa posho. Katika mji huohuo kipo kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kilichoanzishwa mwaka 1964 na mwanafizikia wa Pakistan, Abdus Salam, ambacho hutoa diploma ya mwaka mmoja, kwa ufadhili, kwa vijana wa nchi zinazoendelea wanaojiandaa kwa uzamivu, na baadhi yao huendelea SISSA. Kituo hicho kina taasisi shirika Kigali, kwa hiyo jina lake si geni katika ukanda wetu.

Usiisahau GSSI, taasisi ya sayansi ya mji wa L'Aquila, Italia, iliyozaliwa katika juhudi za kuufufua mji huo baada ya tetemeko la mwaka 2009; nayo ina uzamivu wa hisabati kwa Kiingereza.

Kila shule hutoa tangazo lake la udahili na masharti yake. Kabla ya kuomba, soma makala za wahadhiri wa fani yako, kisha uandike pendekezo la utafiti linaloonyesha kuwa unajua ni nani hasa angekusimamia.