Uliza Fundi: Pikapu Inuliwe Kiasi Gani?

Safari hii tumeweka pamoja maswali yanayohusu kuinua pikapu. Vipimo tunavyotaja ni vya pikapu za kawaida za tani moja, zenye foo wili. Gari lako likiwa na namba tofauti kwenye kitabu cha mtengenezaji, fuata kitabu.

SWALI: Pikapu yangu ina springi za koili mbele, kila gurudumu linacheza peke yake, na nyuma ina springi za bapa. Napita njia za mawe na makorongo, na chini inagusa. Fundi mmoja anataka aniinulie inchi 4 kwa mpigo, mwingine anasema inchi 2 zinatosha. Nimsikilize yupi?

Kabla ya kumsikiliza yeyote, lala chini ya gari utazame mikwaruzo iko wapi. Kama iliyokwaruzwa ni difu ya nyuma (bonge la gia katikati ya ekseli), hata ukiinua inchi 6 hutapata kitu, kwa sababu ekseli ya nyuma haining'inii kwenye bodi, imebebwa na magurudumu. Difu hiyo huinuliwa na tairi kubwa tu. Kama mikwaruzo iko kwenye ngazi za pembeni, mdomo wa bampa, bomba la ekzosi au ndoano ya kuvutia, hapo kuinua springi kunasaidia.

Baada ya hapo tunamuunga mkono wa inchi 2, yaani milimita 40 hadi 50.

Sababu iko mbele ya gari. Difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi. Ukiinua chasisi, difu inapanda nayo, lakini magurudumu yanabaki chini, kwa hiyo shafti zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu zinalala kwa mwinamo mkali zaidi. Kwenye milimita 50 jointi za CV (viungo vya shafti hizo vinavyojikunja huku vikizunguka) za pikapu nyingi bado zinavumilia. Zikikaribia 75, mikunjo ya buti, yaani mfuko wa mpira unaofunika jointi, inaanza kusuguana, buti linapasuka, grisi inatupwa nje, mchanga unaingia, na baada ya muda unasikia "tak-tak-tak" kila unapokata kona kali. Wakati huohuo boljointi ya juu (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka na kupanda) inakaribia mwisho wa mchezo wake, na usukani unapoteza kasta, ule mwinamo unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Gari lililopoteza kasta linayumba barabarani na kumchosha dereva. Bolti za kurekebishia alaimenti zina mwisho wake pia. Zikifika huko, fundi wa alaimenti hana la kufanya.

Kwa hiyo tunagawa hivi. Hadi milimita 50: springi ndefu zaidi, shokapu zenye urefu unaolingana nazo, kisha alaimenti. Kati ya 50 na 75: ongeza wishboni mpya za juu (mikono inayounganisha gurudumu na chasisi) zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lililoinuliwa, na mara nyingi vipande vya kushusha difu ya mbele kwa milimita 20 hadi 25. Hata hivyo kubali kwamba jointi zitaishi muda mfupi zaidi. Inchi 4 ni kazi nyingine kabisa. Inahitaji seti ya vipuri inayoshusha mihimili inayobeba wishboni, inayoshusha difu, na inayoleta vyuma vipya vinavyobeba kitovu cha gurudumu. Fundi anayekuahidi inchi 4 kwa springi na spesa (vipande vya kujaza nafasi) peke yake, mshukuru uondoke.

Kuna hesabu moja inayosahaulika. Gari likiwa limesimama, gurudumu la mbele lina nafasi ya kushuka zaidi, tuseme milimita 90, kabla shokapu haijafika mwisho. Ukiinua milimita 50 bila kurefusha shokapu, umebakiwa na 40. Kwenye korongo gurudumu litaning'inia mapema bila kugusa ardhi, na gari uliloliinua ili lipite vizuri litapita vibaya kuliko mwanzo.

Wenye ekseli nzima mbele hawana shida ya jointi za CV kwa namna hii, lakini wana zao. Kuanzia milimita 50 kasta hupungua na lazima irekebishwe kwa bushi maalumu au mikono mirefu, na fimbo inayoshikilia ekseli isiende kando huivuta upande mmoja, kwa hiyo inatakiwa fimbo inayorekebishika. Paipu za mpira za breki pia huwa fupi.

SWALI: Niliwekewa spesa za milimita 50 juu ya shokapu za mbele. Gari limepanda karibu milimita 90! Sasa nikishuka tuta nasikia kishindo cha chuma kwa chuma. Ni spesa mbovu?

Spesa ni nzima, kipimo ndicho kibaya. Shokapu ya mbele haikai kwenye gurudumu, inakaa katikati ya wishboni ya chini, kwa hiyo inaposogea kidogo gurudumu linasogea karibu mara mbili. Spesa ya milimita 25 huinua gari takriban 45 hadi 50. Ya 50 imekufikisha 90, na huko hukutakiwa kufika.

Kishindo kinatoka wapi? Ukivuka tuta, gurudumu linashuka. Spesa imerefusha mkusanyiko mzima wa shokapu, kwa hiyo wishboni inashushwa chini kuliko mtengenezaji alivyokusudia. Ya juu inagonga koili, au boljointi inafika mwisho wake. Hilo la pili ndilo la hatari, maana boljointi inayogongwa hivyo kila siku inaweza kuchomoka, na gurudumu likalala. Upande wa kushuka kwa bodi nako hakuko salama: shokapu iliyosukumwa chini na spesa itajibana hadi mwisho wake kabla ya raba ya kuzuia kugusa, na itavuja.

Jikague mwenyewe. Funga magurudumu ya nyuma kwa vizuizi, inua chasisi kwa jeki, iweke juu ya stendi, magurudumu ya mbele yaning'inie. Tazama nafasi kati ya wishboni ya juu na koili. Kama rangi imekwanguka, umepata jibu. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili ukiangalia paipu ya breki na waya wa ABS. Vyote viwe na ulegevu, visivutike kama uzi. Kisha toa hizo spesa. Ukitaka inchi 2, weka springi na shokapu za inchi 2.

Spesa zinazowekwa ndani, juu ya koili, zina tabia nyingine. Hazirefushi shokapu ila zinaikandamiza koili kabla, gari linakuwa gumu, na shokapu inafika mwisho wa kurefuka kwake na kugonga kwenye kila bonde dogo. Zipo zinazofanya kazi kwenye milimita 20 hadi 25, lakini hatuzisifu.

SWALI: Nyuma nimeongeza shakeli ndefu na vitalu chini ya springi. Nikiondoka tu gari linatetemeka, na breki naona kama zimepungua. Kuna uhusiano?

Upo, na breki ndizo za kuanza nazo. Pikapu nyingi zina vali ya breki ya nyuma inayosoma mzigo: kifimbo kimeunganishwa kati ya chasisi na ekseli. Mzigo ukikandamiza springi, vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Ulipoinua, vali "inaamini" gari ni tupu muda wote, hata ukipakia kilo 800, kwa hiyo breki za mbele zinabeba karibu kazi yote na gari linachukua masafa marefu zaidi kusimama. Bano ya kifimbo ihamishwe kwa kiasi kilekile ulichoinua, kisha breki zipimwe kwenye mashine. Usipakie mzigo mzito kabla ya hapo. Magari yanayogawa nguvu ya breki kwa kompyuta ya ABS hayana kifimbo hiki.

Mtetemo unatoka kwenye propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma. Shakeli ndefu (shakeli ni kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chasisi) hupindua ekseli kidogo na pua ya difu hubadilisha mwelekeo. (Kwa taarifa tu, shakeli iliyoongezwa milimita 50 huinua gari 25 pekee.) Kanuni ni kwamba uso wa flanji ya giaboksi na wa flanji ya difu viwe sambamba, tofauti isizidi takriban digrii 1. Pima kwa kipima mwinamo. Tofauti ikiwa kubwa, kabari za chuma za digrii 2 hadi 4 kati ya springi na ekseli huirudisha. Propela ya vipande viwili ikitetemeka wakati wa kuondoka tu, mara nyingi beringi ya katikati ndiyo inayotaka kushushwa milimita 10 hadi 25.

Kuhusu vitalu: kimoja kifupi cha chuma, nyuma tu, kinavumilika. Viwili juu ya kimoja, hapana. Vinaipa ekseli mkono mrefu wa kusokota springi kila unapokanyaga mafuta, springi zinajikunja kama herufi S, bolti ya katikati inakatika, na ekseli inahama. Mbele visiwekwe kamwe. Ukiwa na uwezo, ondoa vyote, weka springi mpya zenye upinde mkubwa zaidi zilizochaguliwa kwa uzito unaobeba kila siku.

Yu-bolti, zile zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya. Zilizofungwa mara moja zimeshavutika na hazishiki tena sawasawa.

SWALI: Nimeinua milimita 50. Nataka kuongeza hema la juu lenye kilo 60. Je, gari litapinduka kirahisi?

Swali zuri, na wengi hawaulizi. Uwezo wa gari kutopinduka hukadiriwa kwa kugawa upana kati ya tairi za kushoto na kulia kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Chukua pikapu ya kilo 2,000, upana milimita 1,550, kitovu cha uzito kwenye milimita 700 kutoka ardhini. Jibu ni 1.11. Inua 50, kitovu kinapanda karibu hivyohivyo, unapata 1.03. Inua 100, unashuka hadi 0.97.

Sasa hema. Kilo 60 zikikaa mita 2 juu ya ardhi hupandisha kitovu cha gari hilo kwa milimita 38. Yaani kwa hesabu ya kupinduka, hema lako ni karibu inchi nyingine moja na nusu ya kuinua. Ukichanganya vyote uko kama aliyeinua milimita 88, bila kuhesabu magodoro na vikorokoro vilivyomo ndani. Kufunga springi ngumu kunapunguza kulala kwenye kona lakini hakurudishi kitovu chini. Tungekushauri uchague kimoja: kaa kwenye 30 hadi 40 na hema lako, au baki na 50 na uweke mzigo ndani ya bodi, chini kadiri inavyowezekana. Angalia pia uzito ambao paa limeruhusiwa kubeba gari likitembea. Ni mdogo kuliko linaposimama.

SWALI: Nikitoka tairi za 265/65R17 kwenda 285/70R17, spidi mita itadanganya kiasi gani?

Kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 831, ongezeko la asilimia 7. Mita ikisoma 100, wewe uko kwenye 107. Difu imepanda milimita 27 tu. Tairi hizi zinaweza kugusa madigadi ya ndani usukani ukikatwa hadi mwisho, na gari litahisi zito kuondoka. Kwa wengi 265/70R17 inatosha: ongezeko ni asilimia 3.4, difu inapanda milimita 13. Amua ukubwa wa tairi kwanza, kisha ndipo uchague urefu wa springi. Wanaofanya kinyume hununua springi mara mbili.

SWALI: Niliinua mbele pekee ili gari likae sawasawa. Usiku wenzangu wananiwashia taa.

Wanakulaumu kwa haki. Pikapu hutoka kiwandani nyuma ikiwa juu kidogo ili ikipakiwa ikae sawa. Wewe ukipakia, pua inatazama juu na taa zinaingia machoni mwao. Shusha taa kwa skrubu zake ukiwa na mzigo wa kawaida, na nyuma iongezwe springi zinazofaa.

SWALI: Springi mpya zimefungwa leo. Nifanye nini kabla ya kwenda porini?

Muulize fundi swali moja: bolti za bushi (mipira ya kwenye maungio ya springi na wishboni) zilikazwa gari likiwa juu ya jeki au likiwa limesimama kwa magurudumu? Zikikazwa miguu ikining'inia, mpira wa bushi unabaki umesokotwa gari likishuka, na utachanika mapema. Zinatakiwa zilegezwe, gari lishushwe, lisukumwe juu chini mara kadhaa, ndipo zikazwe kwa toki (nguvu ya kukaza) ya kitabu.

Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Fanya alaimenti na taa siku hiyohiyo. Gari lenye kamera au rada ya breki za dharura lipelekwe kusawazishwa. Baada ya kilomita 500 kaza tena yu-bolti kwa mpangilio wa msalaba, kagua buti na paipu za breki, pima pembe nne upya na urudie alaimenti, kwa sababu springi mpya huwa zimeshakaa.