Shikamoo, mfupa: kwa mwalimu mpya wa uandishi wa likizo

Mwenzangu, nimesikia umekubali kufundisha watoto kuandika likizo hii ya Juni. Hongera, na pole kidogo. Kazi hiyo nimeifanya hapa Mtwara likizo kadhaa sasa, katika darasa la kuazima, dawati la watatu likikaliwa na wanne, upepo wa kusi ukiingia madirishani na kuzifunua daftari kabla ya wenyewe. Cheti cha ubunifu sina. Nina makosa, na haya ninayokusimulia nayatoa bure ili wewe ukosee mengine.

Kalamu nyekundu iache nyumbani. Mimi sikuiacha.

Ujue mimi ni mtoto wa Newala. Kwetu kule juu, maji ni kitu cha kuteremkia bondeni na ndoo, na bahari niliiona mara ya kwanza ndevu zikiwa zimeshaanza kuchipua. Mwaka wangu wa kwanza nikawapa watoto kichwa cha habari "Chakula cha kwetu". Msichana mmoja wa Mikindani, darasa la sita, akaandika: "Wiki ile yalikuwa maji mafu, mama hakuleta pweza, tukala mchicha." Nikayazungushia yale "maji mafu" duara jekundu, na pembeni nikaandika: "Maji hayafi. Tumia maneno sahihi." Siku hiyo nilijiona mwalimu kwelikweli.

Kesho yake akaja babu yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaulizia kazi, akaulizia wazazi wangu, akaulizia mihogo ya Newala mwaka huu imekuwaje. Alipofika kwenye mihogo nikajua kuna jambo. Ndipo akatoa daftari mfukoni mwa kanzu.

"Mwalimu, wewe umetoka bara?"

Nikamwambia Newala.

"Aa. Basi si kosa lako."

Akanifundisha pale pale, amesimama. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hutoka mbali na hurudi kwa nguvu. Hiyo ndiyo bamvua, na ndizo siku wanawake wanapokwenda mwambani kuchokoa pweza kwenye matundu yao. Mwezi ukiwa nusu, maji hayatoki sana wala hayaji sana, yapoyapo tu. "Hayo ndiyo maji mafu. Mwamba haufunuki. Sasa pweza utamchokoa wapi?"

Yule mtoto alikuwa ameweka mwezi, bahari na chungu cha kwao ndani ya sentensi moja, na mimi nikaichora duara. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Hakusema kitu, ila tangu siku hiyo alikuwa akiandika neno la pwani halafu ananitazama kwanza, kama mtu anayemngoja mgeni ale tonge la kwanza.

Siku hizi nikikutana na neno nisilolijua, namwita mwenyewe na kumuuliza: hili kwenu linatumikaje? Mara nyingine anacheka na kusema, "Mwalimu, nimekosea tu." Basi tunafuta, tunaendelea. Lakini uliza kwanza. Watoto wa huku wengine husema "nti" na "ntoto", na hivyo ndivyo watakavyoandika. Katika masimulizi yao nawaelekeza kwenye mti na mtoto, maana mtihani unawasubiri na mimi si adui wa mtihani. Bibi akizungumza ndani ya hadithi, simgusi. Ukimsahihisha bibi, anakuwa mtangazaji wa redio, na mjukuu wake wa kwanza kumshangaa ni yule yule aliyemwandika.

Jambo la pili utakaloliona ni Jumamosi. Insha zote zitaanza siku ya Jumamosi, jua likiwaka, ndege wakiimba kwa furaha, na mwandishi ameamka alfajiri na mapema akapiga mswaki. Usicheke. Wamefundishwa hivyo na imewapa maksi. Kule kupiga mswaki ndiko kupasha misuli moto. Ninachofanya ni kusoma taratibu nikitafuta mahali ambapo mtoto mwenyewe ameanza kusema, na kwa kawaida ni mstari wa nne au wa tano, pale ndege wanaponyamaza. Naweka kidole hapo. "Hapa. Anzia hapa, kwenye karatasi nyingine." Methali nazo zitakuja kwa mafungu, kila aya na wahenga wake. Waambie hapa hakuna maksi. Siku mbili za kwanza hawatakuamini. Mmoja aliniuliza kwa uchungu hasa: "Sasa mwalimu, tutajuaje nani wa kwanza?"

Kuhusu muda, usianze kabla ya saa mbili asubuhi, na atakayechelewa usimsimamishe mlangoni. Juni ni mwezi wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Mikorosho hupuliziwa alfajiri, upepo ukiwa bado umelala na majani yana umande wa kuushika ule unga, na mtoto wa miaka kumi na miwili ana mikono inayohitajika shambani. Utamwona anaingia saa mbili na nusu, nyusi zake za manjano, anapiga chafya. Huyo ameshafanya kazi kabla yako. Mpe nafasi dirishani.

Na kalamu na madaftari? Nunua kaunta buku kubwa, likate katikati, kila mmoja apate nusu. Zaidi ya hapo usihangaike.

Sasa nikwambie habari ya mfupa, maana ndiyo iliyonifundisha kuliko semina yoyote.

Watoto wote wa kusini wamemsikia mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dainosaria. Wajerumani walichimba mifupa kule ndani ya Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin, na hadi leo mjusi huyo amesimama katika makumbusho ya kule, kichwa chake kikiwa juu zaidi ya mita 13. Kwa mwandishi mtoto hiyo ni karamu. Nikawaambia waandike hadithi ya mjusi wa Tendaguru. Nikapata mijusi ishirini na sita. Yote inanguruma, yote inakula watu, ingawa nilikwisha kuwaambia kwamba huyo alikula majani na watu walikuwa hawajakuwapo. Mmoja alikula basi zima la abiria. Zilikuwa hadithi za katuni, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Lindi.

Usiku nikajiuliza ni nini katika habari hii ambacho miili ya watoto hawa inakijua. Kunguruma kwa mjusi hawakujui. Kubeba wanakujua. Ile mifupa haikwenda Berlin kwa miguu yake. Ilifungwa mizigo, na watu wa huku huku waliibeba kwa mwendo wa siku kadhaa kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, wengine vichwani, wengine mabegani, halafu wakarudi kuchukua mingine.

Asubuhi nikaenda darasani na ndoo mbili za mchanga na vitambaa vya kusokotea ngata. Nikawaambia kila mmoja azunguke uwanja wa mpira mara moja, ndoo kichwani, bila kusema neno. Wavulana wakagoma kidogo: kubeba kichwani ni kazi ya wasichana. Msichana mmoja akauliza, "Kwani mifupa walibeba akina nani?" Nikasema wengi walikuwa wanaume. Hakuongeza neno. Alimkabidhi jirani yake ngata.

Walizunguka. Wengine walitua njiani, wakaona aibu, wakajitwisha tena. Waliporudi sikuwapa kichwa cha habari wala sikuwaeleza "dondoo" za kufuata. Niliwaambia tu: wewe ni mpagazi, ni siku ya pili njiani, Lindi bado. Andika.

Kulikuwa na ukimya ambao sijawahi kuusikia katika darasa la watoto ishirini na sita. Mmoja aliandika ukurasa mzima juu ya jasho linaloshuka kwenye jicho la kushoto wakati mikono yote miwili imeshika mzigo. Mwingine akaandika jinsi ngata inavyolowa, ikalegea, na mzigo ukaanza kutafuta pa kuangukia. Na kijana mmoja mdogo, ambaye hadi siku hiyo nilidhani amekuja kwa sababu nyumbani wamemchoka, akaanza hivi:

"Shikamoo, mfupa. Najua umenizidi umri, ndiyo maana nimekuweka kichwani. Lakini na shingo yangu nayo ni ya mtu."

Nikataka kumwambia aongeze mazingira. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikakumbuka maji mafu, nikanyamaza, nikaenda kusimama dirishani kama mtu anayetazama mvua, na mvua haikuwapo.

Kwa hiyo unapopanga somo, jiulize mikono ya watoto wako inajua nini. Mtoto anayeshindwa kuandika mistari mitatu kuhusu "Umuhimu wa elimu" anaweza kukuandikia kurasa mbili kuhusu kupara samaki, kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, au kusaga chachandu bila pilipili kukuruka machoni. Mwombe akueleze jinsi kitu kinavyofanyika, hatua kwa hatua, kwa mtu asiyejua kitu kama wewe. Wakati anaeleza, watu wa nyumbani kwao wataanza kuingia wenyewe ndani ya karatasi, wanagombana, wanacheka, wanaagizana chumvi.

Wazee nao watumie, ila usimtume mtoto na swali pana. Niliwahi kuwatuma wakaulize "historia ya Mtwara" wakarudi na mistari ya kitabu cha shule, maana mzee akiulizwa historia huvaa kanzu ya sherehe. Likizo iliyofuata nikabadili. Nikawaambia waulize kitu kimoja kilichokuwapo na sasa hakipo. Wengi wakaja na reli. Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwa mojawapo ya sehemu zake, wakajenga reli ya kuzifikisha bandarini. Mpango ukafa mwaka 1951, na reli nayo ikang'olewa baadaye. Hayo yako vitabuni. Lakini mtoto mmoja alirudi akasema babu yake treni hata haikumbuki vizuri. Anachokumbuka ni tuta la reli, kwamba lilikuwa mahali pazuri pa kufukuzana kwa sababu ukianguka unabingirika mpaka chini. Hicho kitabu hakina.

Wewe mwenyewe uandike pamoja nao. Dakika zile zile, kichwa kile kile, na usome chako kwa sauti. Changu cha mwaka jana kilikuwa kibaya mno, nilimwelezea mvuvi kwa vivumishi saba, wakacheka mpaka mmoja akashuka chini ya dawati. Baada ya hapo mikono ya kutaka kusoma ilikuwa mingi kuliko muda.

Utachoka. Juma la pili hasa. Kuna siku utasoma Jumamosi kumi na tisa mfululizo na kutamani ungekuwa unauza mikate. Siku hizo mimi huwafungisha vitabu na kuwaambia wategeane vitendawili. Kitendawili! Tega! Atakayeshindwa atoe mji. Mtoto aliyetawala Masasi, Kilwa na Dar es Salaam kwa asubuhi moja anarudi kwenye daftari lake na kichwa kilichonyooka.

Siku ya mwisho alika wazazi, bila spika. Spika inamgeuza mtoto kuwa mgeni rasmi. Waketi kwenye madawati yale yale, watoto wasimame mbele.

Mwaka jana alisimama kijana wa Nanyamba anayekaa kwa bibi yake hapa mjini. Kazi yake ilikuwa jinsi ya kubangua korosho za nyumbani. Bibi alikuwa nyuma kabisa, kanga kichwani, anasikiliza kwa makini ya mtu anayesikiliza bei. Kijana akasoma jinsi korosho zinavyomiminwa kwenye sufuria kuukuu, fimbo ndefu ya kukorogea, ganda linavyotoa mafuta, moto unavyoruka ndani ya sufuria na moshi mweusi. Akasoma zinavyomwagwa chini na kufukiwa mchanga mpaka moto ufe. Kisha akasoma: "Halafu tunaketi kugonga."

"Hee!" Bibi amesimama. "Mnaketi kugonga na mikono mikavu? Hujapaka jivu? Yale mafuta yatakubabua ngozi, mtoto wewe, nimekufundisha hivyo?" Na tayari alikuwa katikati ya madawati, viganja vyake mbele, akiwaonyesha watu makovu ya zamani na jinsi jivu linavyosuguliwa mpaka kwenye mapengo ya vidole.

Nilitaka kuingilia. Kijana hakunihitaji. Alingoja bibi avute pumzi, akainua karatasi yake.

"Bibi, nisubiri. Jivu liko aya ya pili."