Mfupa umeota nyongani: unayeyuka?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 61, nauza vitenge Mbagala. Mwaka mzima sasa nyonga ya kulia inaniuma, hasa kinenani, na maumivu hushuka hadi gotini. Nimepiga eksirei, nikaambiwa nafasi ya kiungo imepungua na mifupa imeota pembeni. Jirani anasema niache maziwa na dagaa, eti kalisi ndiyo inayoota. Kuna mtu pia ananiuzia unga wa kuyeyusha miiba hiyo. Ninunue, au nikakatwe? (Mama Z.)

JIBU: Shikamoo mama. Unga usinunue, na dagaa endelea kula.

Kilichoota hakikutoka sahanini. Nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja, cha duara kama mpira, kilichokaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu, yaani tabaka laini linalozuia mifupa isisuguane. Gegedu likilika, uzito haugawanyiki tena sawasawa. Seli za ukingoni, pale gegedu linapokutana na mfupa, huanza kujenga: kwanza gegedu jipya, kisha hilo hugeuka mfupa. Ndiyo sababu huota pembeni mwa kichwa na kwenye ukingo wa kikombe. Hata neno "mwiba" linatisha bure, maana mara nyingi ni ukingo ulionenepa kama mdomo wa chungu.

Ukubwa wa ukingo huo haupimi maumivu. Wapo wenye miota mikubwa wanaotembea vizuri, na wapo wenye midogo wasiolala usiku. Maumivu mengi hutoka kwenye mfupa ulio chini ya gegedu, kwenye utando wa kiungo uliovimba na kwenye misuli iliyolegea. Kazi mbaya ya mfupa ulioota ni kuziba njia: ukikunja nyonga na kugeuza mguu kwa ndani, unagota kwenye kikombe. Hapo ndipo kuchuchumaa chooni, kukata kucha za miguu na kuingia kwenye bajaji kunapokuwa vita.

Hakuna dawa ya kunywa, kupaka wala kuchoma sindano inayouyeyusha. Kuuchonga peke yake husaidia baadhi ya vijana ambao gegedu lao bado ni zima. Kwa nyonga iliyosagika haisaidii, kwa sababu kilichouotesha bado kipo. Ikifika huko, upasuaji wa maana ni kubadilisha kiungo kizima, na hapa Dar hufanyika, mfano Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Muda wake ni pale maumivu yanapokuamsha usiku na kukuzuia kazi licha ya dawa na mazoezi. Picha peke yake haitoshi kuamua.

Kuhusu huo unga: baadhi ya dawa za namna hiyo hukutwa zimechanganywa kwa siri steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe. Unapata nafuu upesi, kisha uso unavimba, sukari inapanda, na kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu kikafa. Kama umeshautumia kwa wiki kadhaa, usiukatishe ghafla. Nenda nao kwa daktari.

Sasa kazi yako. Kigoda cha dukani kiondoe leo, ukae kwenye kiti kinachoacha nyonga juu kidogo ya magoti. Fimbo ishike mkono wa KUSHOTO, upande mzima (wengi hukosea hapa), na iende mbele pamoja na mguu unaouma. Ukisimama na viatu, mikono ikining'inia, mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Kupanda daladala, tanguliza mguu mzima. Kushuka, fimbo na mguu mbovu.

Mazoezi: lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu 5, shusha. Mara 10. Kisha lalia ubavu wa kushoto, inua mguu wa kulia ulionyooka, mara 10. Anza na mzunguko mmoja kwa siku, fika mitatu taratibu. Kuuma kidogo si kosa, ila maumivu yakiongezeka na kudumu hadi kesho yake, punguza nusu. Nafuu hutafutwa kwa wiki 6 hadi 12. Wengi huacha wiki ya pili.

SWALI: Baba ana tatizo hilohilo na anatumia dawa za presha. Anameza diklofenaki kila siku. Ni sawa? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Hapana. Diklofenaki hupandisha presha na kuchubua tumbo, na ikikutana na baadhi ya vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoza, huweza kuangusha figo. Mpeleke kliniki na dawa zake zote mkononi, apimwe figo. Akiona choo cheusi kama lami, ni hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Nina miaka 26, nina selimundu, nyonga inauma. Ni uzee umewahi? (Msomaji, Kinondoni)

JIBU: Si uzee. Selimundu huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha paja. Mfupa hufa, hubonyea, kisha kiungo husagika na kuota pembeni. Eksirei ya mwanzoni huweza kuonekana safi kabisa, kwa hiyo omba kipimo cha MRI (picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mfupa) kabla mfupa haujabonyea. Ukipata homa na ukashindwa kabisa kukanyaga, nenda usiku huohuo: huenda ni usaha ndani ya kiungo.