Figo za Mama na Vidole Vitatu vya Daktari

SWALI: Shikamoo Dokta. Mama yangu ana miaka 61. Mwezi uliopita jirani alimpeleka kwenye zahanati ya dawa za Kichina hapa Tanga. Daktari alimshika mkono kimya kwa dakika kadhaa, wa kushoto kisha wa kulia, mkalimani akasema figo za mama ni dhaifu. Halafu wakamfunga kifaa kwenye kifundo cha mkono, kompyuta ikachora mawimbi na kuandika hivyohivyo. Wamempa dawa za miezi mitatu za kuimarisha figo. Tangu siku hiyo mama hali vizuri, anasema ataishia kwenye mashine ya kusafisha damu kama marehemu shangazi. Je, mapigo ya mkononi yanaonyesha figo?
Binti wa pekee, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujamaliza kusoma, nenda kamwambie mama kwamba figo zake hazijapimwa bado. Neno alilotamkiwa ni figo, lakini siyo lazima iwe ile iliyomuua shangazi.

Nilisomea tiba hiyo Nanjing, China, na neno hili lilinisumbua mwaka mzima wa kwanza. Wachina huliita shen. Kwenye kamusi ni figo. Kwenye vitabu vyao vya tiba limebeba mambo mengi: ukuaji, uzazi, mifupa, masikio, nguvu za kiuno na magoti. Mama wa miaka 61 anayelalamikia kiuno na magoti, na kuamka usiku kwenda haja ndogo, ataambiwa shen yake imepungua hata kama figo zake zinachuja damu vizuri kabisa. Mkalimani akilitafsiri kwa neno moja na kunyamaza, mgonjwa anarudi nyumbani na hukumu ya kifo. Jambo hili linaniuma sana, maana ingetosha kumwongezea sentensi mbili za maelezo.

Vile vidole vitatu ambavyo daktari huweka kwenye kifundo cha mkono vina utaratibu wake. Cha kati hukaa mkabala na kifupa kinachojitokeza chini ya kidole gumba, mahali panapoitwa guan. Cha shahada hukaa upande wa kiganja, ndiyo cun, na cha pete upande wa kiwiko, ndiyo chi. Kila mahali hubonyezwa juujuu, kisha kiasi, kisha mpaka ndani. Mkono wa kushoto husomwa moyo, ini na figo. Wa kulia mapafu, wengu, na figo tena. Wang Shuhe, tabibu wa karne ya 3, aliorodhesha aina 24 za mapigo. Mwaka 1564 Li Shizhen akafikisha 27, na sisi tulikariri 28. Yapo yanayoelea kama kipande cha mti majini, yanayoteleza kama lulu zikibingirika sahanini, yaliyokaza kama uzi wa zeze. Kasi ilihesabiwa kwa pumzi za tabibu mwenyewe: mapigo manne au matano kwa pumzi moja ni sawa, matatu ni ya polepole, sita ni ya haraka.

Siku moja mwalimu alituweka wanafunzi wanne kwa mgonjwa mmoja, mama muuza mboga, kila mtu aandike bila kumwonyesha mwenzake. Tukatoa majina matatu tofauti. Mwalimu hakushangaa. Alituuliza: mmemwuliza nini huyu mama kabla ya kumshika? Hatukuwa tumemwuliza kitu. Katika tiba hiyo kuna njia nne za kumjua mgonjwa: kumtazama, kumsikiliza na kumnusa, kumwuliza, halafu ndiyo kumshika. Mapigo yanatajwa mwisho.

Sisemi mkononi hamna habari. Mshipa uliokakamaa kwa umri au presha hurudisha wimbi la damu mapema, na vidole vilivyozoea huuhisi ule mkazo. Mapigo ya uzi wa zeze hukutwa mara nyingi kwa wenye presha. Na presha ya muda mrefu ni moja ya sababu kubwa za figo kufa. Kwa hiyo mimi natamani kuijua presha ya mama kuliko lile neno aliloambiwa.

Ile mashine ina kihisio kinachoubonyeza mshipa pale vidole vinapokaa na kuchora wimbi la shinikizo. Uzuri wake ni kubonyeza kwa nguvu ileile kila mara, jambo linaloshinda kidole cha binadamu. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa hata kiwango cha vifaa vya namna hiyo. Kiwango hicho kinahusu kifaa. Maneno "figo dhaifu" yaliyo chini ya mchoro yamewekwa na waliotunga programu, kwa mafundisho yaleyale ya vidole. Mashine haikumthibitisha daktari, ilirudia lugha yake.

Mpeleke mama hospitali wiki hii. Apimwe presha, sukari, protini kwenye mkojo, na kreatinini kwenye damu, yaani taka ambayo figo huichuja. Hivyo ndivyo vitakavyosema habari za figo zinazochuja.

Zile dawa asizinywe kwanza, azibebe zote aende nazo, na pakiti zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Brussels, Ubelgiji, wanawake waliopewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina waliharibikiwa figo, zaidi ya 100. Mkosaji alikuwa mmea wa jamii ya Aristolochia uliochanganywa humo badala ya mwingine. Sisemi dawa za mama zina mmea huo. Nasema usimpe mzazi wako kitu kisichoandikwa kina nini ndani.

Na umpikie anachokipenda, ukae naye mpaka amalize sahani.

SWALI: Dokta, rafiki yangu aliye Guangzhou anasema daktari alimjua ana mimba kwa kumshika mkono tu. Inawezekana?
Mama mtarajiwa, Morogoro

JIBU: Mimba huongeza damu mwilini na moyo husukuma zaidi, kwa hiyo mapigo hubadilika kweli. Wachina huyaita hua, ndiyo yale ya lulu sahanini. Tatizo ni kwamba kijana mwenye afya asiye na mimba naye anaweza kuwa nayo. Mwaka 2014 daktari mmoja wa Beijing aliahidi zawadi hadharani kwa atakayetambua mimba kwa mapigo peke yake, kwa usahihi wa asilimia 80. Mhadhiri mmoja wa tiba ya Kichina alijitokeza, lakini jaribio halikufanyika. Wewe nunua kipimo cha mkojo duka la dawa. Kikionyesha mistari miwili, anza kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane. Vidonge vya foliki asidi vina kazi kubwa zaidi katika wiki hizi za mwanzo.