Miti Yetu Huchanua Usiku

Swali la wiki hii linatutaka tutaje mti wa asili wa pwani ya Afrika Mashariki unaotupendeza zaidi uchanuapo wakati wa joto. Nabashiri kwamba wengi watautaja mkrismasi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Mkrismasi ni mgeni kutoka Madagaska, aliyepandwa katika nchi nyingi za joto kwa ajili ya yale maua mekundu yanayofunika matawi yake ifikapo Desemba.

Ningependa kujibu swali jingine kidogo: kwa nini miti yetu wenyewe hatuioni? Naamini ni kwa sababu tunaitazama saa zisizo zake. Mbuyu hufungua maua yake jua linapokuchwa, popo wakaja kunywa utamu wake usiku, na kesho yake ua limekwisha kunyauka. Mtondoo haujifichi, lakini maua yake meupe yenye harufu nzuri hatuna habari nayo. Tunaukumbuka kwa mbao za vyombo vya baharini na kwa kokwa zake zinazoelea, zilizowafanya wahenga waseme mtondoo haufi maji.

Mtomondo ndio unaoniuma zaidi. Miaka mingi iliyopita nilikwama na mjomba wangu kando ya hori, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, tukisubiri maji yajae ili mashua yetu ielee. Tulikuwa tumeifunga kwenye shina la mtomondo, pale mikoko inapokwisha na maji yanapoanza kupungua chumvi. Mchana kutwa vishada virefu vya vitumba vilikuwa vikining'inia juu ya vichwa vyetu kama shanga za kijani, wala sikuvijali. Giza lilipoanza kuingia kitumba kimoja kilipasuka, kikafuata kingine, na kila kimoja kikatoa nyuzi tele, nyeupe zenye wekundu kidogo, hata kishada kizima kikafumka. Harufu ilitanda, nondo wakaja. Mjomba, ambaye hakuwa mtu wa maua, alinieleza tu kwamba mbegu za mti huo zikipondwa na kutiwa katika maji yaliyotuama hulevya samaki, na kwamba baba yake alimkataza kuzitumia kwa kuwa hazichagui mkubwa wala mdogo. Maji yalipojaa nilimwomba tukae kidogo. Alinijibu, "Mjomba, maji hayamngoji mtu," kisha akawasha sigara, akaegemea shina, akatazama juu. Maji yalianza kutoka naye bado ameegemea. Tulilala pale pale, na asubuhi, maji ya pili yalipokuja, maua yote ya jana yalikuwa yameanguka, mashua imejaa nyuzi. Nyumbani aliwaambia watu kwamba upepo ulitukatalia.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kumwomba mhariri afute kila jibu linalotaja mkrismasi. Sasa nasita. Ni wangapi wanaoweza kukesha kwenye hori, pamoja na mbu wake, ili waone ua lisilofika mchana? Mama anayerudi sokoni saa saba na mtoto anayetoka shule hawana mashua wala mjomba wa namna hiyo, na mkrismasi huwapa rangi na kivuli bila kuwadai kitu. Basi, kama swali ni la raha tu, kura yangu inakwenda kwa mkrismasi, kwa shingo upande na kwa masharti. Usipandwe karibu na ukuta, kwa kuwa mizizi yake hutambaa juu juu na matawi yake huvunjika upesi katika upepo mkali. Wala mtomondo usikatwe ukingoni mwa maji ili kuupisha, hata kama mwenye kiwanja anadai kwamba hajawahi kuuona ukichanua. Mhariri ana haki ya kuikataa kura yangu kwa kuwa aliuliza juu ya miti ya asili. Akiikataa, naomba aihamishie kwa mtomondo.